Baba anapigiwa simu kila siku kuhusu fidia ya masikio: afanyeje?

Msomaji wetu mmoja anayeishi Leicester, Uingereza, ameandika hivi: "Baba yangu ana miaka 78. Alizaliwa Unguja, akaja Uingereza mwaka 1973, akafanya kazi katika kiwanda cha kufuma soksi na fulana hadi mwaka 1991, kisha katika karakana ya vyuma hadi alipostaafu mwaka 2009. Sasa hasikii vizuri. Kwa muda wa miezi minne amekuwa akipigiwa simu mara mbili au tatu kwa siku na watu wanaosema kwamba ana fidia inayomsubiri kwa sababu ya kelele za kazini. Wiki iliyopita aliwajibu, na sasa wamemtumia fomu kwenye simu yake ili aitie sahihi. Je, hawa ni matapeli? Na kama kweli masikio yake yameharibiwa na kazi, tufanye nini?"

Dada yangu, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Pili, fomu ile asiitie sahihi. Kama ameshaitia wakati unasoma jibu hili, angalia tarehe, kwa sababu mkataba wa huduma uliofungwa kwa simu au kwa mtandao kwa kawaida unaweza kuvunjwa ndani ya siku 14 bila kutoa sababu yoyote. Andikeni leo hii, kwa barua pepe au kwa barua ya posta, kwamba anaufuta mkataba, kisha hifadhini nakala na uthibitisho kwamba mmetuma.

Swali lako lina mambo mawili ambayo wanaopiga simu wanafaidika sana yanapochanganywa. Jambo la kwanza ni simu, na la pili ni haki ya mzee. Simu hiyo kwa karibu kila hali ni haramu, na haistahili kujibiwa. Haki, kama ipo, ilikuwapo kabla ya simu na haimtegemei aliyepiga. Nimeona familia zikipotea katika njia zote mbili: wengine wamempa mpigaji simu kila alichotaka, na wengine, kwa kuwa wamechoshwa na matapeli, wamefikia uamuzi kwamba jambo zima ni utapeli, wakaacha dai la kweli lipitwe na muda.

Nianze na simu. Tangu tarehe 8 Septemba 2018 sheria ya Uingereza inakataza kampuni yoyote kumpigia mtu simu ya kumshawishi atumie huduma za kudai fidia, isipokuwa kama mtu huyo alikwisha kumpa huyo huyo anayepiga ridhaa ya kupigiwa. Mzigo wa kuthibitisha ridhaa uko kwa anayepiga. Ndiyo sababu wengi wao huanza kwa kudai kwamba mzee "alijaza fomu kwenye intaneti" au kwamba jina lake "limo kwenye kumbukumbu". Mawakili nao hawaruhusiwi na kanuni za taaluma yao kuwaendea watu wasiowajua kwa simu ili kujitafutia kazi, na tangu Aprili 2013 ni marufuku wakili kulipa au kupokea ada ya kuletewa mteja katika kesi za majeraha. Kwa hiyo mtu akipiga simu bila kuombwa na kusema kuwa yeye ni wakili wa fidia za masikio, ama si wakili, ama ni wakili anayevunja kanuni zake kabla hata hajaanza kazi. Katika hali zote mbili si mtu wa kumkabidhi dai lako.

Je, wote ni matapeli? Kwa maana ya kisheria, hapana. Baadhi ni wezi wa kawaida wanaotafuta namba ya bima ya taifa, tarehe ya kuzaliwa na namba za benki. Wengine ni wakusanyaji wa majina, ambao kazi yao ni kumfanya mtu aseme "ndiyo" kwa maswali manne au matano, kisha kuliuza jina lile kwa kampuni nyingine. Wengine wana kampuni halisi iliyosajiliwa, lakini wanaendesha biashara kwa njia iliyopigwa marufuku. Mwaka 2016, hata kabla ya marufuku hii, kampuni moja ilitozwa faini ya pauni 250,000 na Ofisi ya Kamishna wa Habari, ICO, kwa kupiga simu zaidi ya milioni 17 zenye sauti iliyorekodiwa kuhusu madai ya kupoteza usikivu. Nakutajia jambo hili ili mzee ajue kwamba hakuteuliwa yeye kwa sababu mtu fulani anajua alifanya kazi wapi. Namba yake ilipigwa na mashine, na mashine haijui kitu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimeketi sebuleni kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya viwandani maisha yake yote, simu yake ya mezani ikalia. Akaiweka kwenye spika. Kwanza kulikuwa na ukimya wa sekunde mbili hivi, ambao ni dalili ya mashine inayopiga namba nyingi kwa pamoja na kutafuta mfanyakazi aliye huru. Kisha sauti ya kijana, ya haraka sana, ikauliza kama amewahi kufanya kazi mahali penye kelele. Mzee akasema ndiyo. Je, huwa anaongeza sauti ya televisheni? Ndiyo. Je, masikio yake yanavuma usiku? Ndiyo. Je, waajiri wake hawakuwahi kumpa vizibo vya masikio? Ndiyo. Je, anakubali taarifa zake zipelekwe kwa washirika wao? Ndiyo. Simu ilipokatika alinigeukia na kuniuliza, "Alikuwa anataka nini yule?" Hakuwa amesikia hata nusu ya maneno yale. Alikuwa akiitikia kwa adabu, kama alivyolelewa, na kwa sababu anaona haya kumwambia mgeni kwamba hasikii.

Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu simu hizi zinawalenga watu wale wale ambao hawawezi kuzisikia vizuri. Uharibifu wa kelele huanza kwenye sauti nyembamba, na sauti nyembamba ndizo zinazobeba herufi kama s, f, sh na th. Irabu husikika, konsonanti hupotea. Neno "fika" na neno "shika" humfikia mtu huyo yakiwa karibu sawa, na katika simu, ambako haoni midomo ya anayesema, hali huwa mbaya zaidi. Ongeza hapo kwamba anasemeshwa Kiingereza cha mbio, nawe utaona kwamba "ndiyo" ya mzee wako wiki iliyopita haikuwa ridhaa ya kitu chochote. Usimlaumu.

Hatari ya "ndiyo" hizo ni kubwa kuliko usumbufu wa simu. Wanaokusanya majina wana desturi ya kumfundisha mtu majibu: sema hukuwahi kupewa vizibo, sema umegundua tatizo mwaka huu tu, sema huwezi kabisa kusikia simu. Maneno hayo huandikwa kwenye fomu, na fomu ikifika mahakamani huwa na tamko la ukweli linalotiwa sahihi na mzee, si na aliyepiga simu. Kampuni ya bima ya mwajiri itaomba kumbukumbu zake zote za daktari na kuzilinganisha. Chini ya kifungu cha 57 cha sheria ya mwaka 2015 ya haki za jinai na mahakama, mahakama ikiona kwamba mdai amekosa uaminifu katika jambo la msingi, inapaswa kulitupa dai lote, hata sehemu yake iliyo ya kweli, isipokuwa kama kufanya hivyo kungemletea mdai dhuluma kubwa. Naye anaweza kujikuta akidaiwa gharama za upande wa pili. Mzee aliyeharibiwa masikio kwa haki kabisa anaweza kupoteza kila kitu kwa sababu ya chumvi iliyotiwa na kijana ambaye hajawahi kumwona.

Kwa hiyo akipigiwa tena, aseme sentensi moja tu: "Sikutoa ridhaa, msinipigie tena," na akate. Asijibu swali lolote, hata swali dogo la kuthibitisha jina. Asibonyeze namba yoyote anayoambiwa abonyeze ili "kujiondoa", kwa kuwa kubonyeza kunaonyesha kwamba laini ina mtu. Kukata simu bila kuaga si utovu wa adabu katika hali hii, na pengine itabidi wewe mwenyewe umwambie hivyo, kwa sababu kizazi chake kinaona uzito. Andika tarehe, saa na namba iliyoonekana. Tangu mwaka 2016 wanaopiga simu za biashara wanatakiwa waonyeshe namba yao, na wakiificha hilo ni kosa jingine. Taarifa hizo zipeleke ICO kupitia tovuti yao. Hawatakujibu kwa kila simu, lakini faini hujengwa kutokana na malalamiko ya namna hiyo. Mwandikishe mzee kwenye orodha ya TPS, yaani orodha ya watu wasiotaka kupigiwa simu za biashara, ambayo ni bure na huchukua hadi siku 28 kufanya kazi kikamilifu. TPS itapunguza simu za kampuni zinazoogopa sheria. Wasioogopa wataendelea, na kwao dawa ni kifaa cha kuzuia simu au mpangilio unaoruhusu namba zinazofahamika peke yake. Ujumbe wa maandishi wa namna hiyo utume kwenda 7726, namba ya kuripoti ujumbe wa kero. Na kama aliwapa namba za benki, piga 159 leo, nawe utaunganishwa na benki yake.

Sasa nije kwenye haki yenyewe, kwa sababu nikiangalia historia ya baba yako naona jambo la kuchunguzwa kwa makini.

Hatua ya kwanza ni sikio. Mpeleke kwa daktari wake wa familia ili apelekwe kupimwa usikivu, na muombe nakala ya chati ya kipimo. Chati hiyo inaonyesha ni sauti ya kiwango gani anaanza kuisikia, kuanzia sauti nene za hezi 250 hadi nyembamba za hezi 8,000. Uzee peke yake huushusha mstari polepole kuelekea kulia, kama mteremko. Kelele huacha alama nyingine: mstari huporomoka karibu na hezi 4,000, au mahali fulani kati ya 3,000 na 6,000, kisha hupanda kidogo unapofika 8,000. Wataalamu huiita pengo au kishimo. Kwa mtu wa miaka 78 uzee huwa umeshalifunika pengo hilo kwa sehemu, na ndiyo maana kuitafsiri chati ni kazi ya daktari bingwa, wala si ya mtu anayeuliza habari za televisheni kwenye simu. Kama kuna kipimo cha zamani, labda alichofanyiwa kazini kule kwenye karakana, kina thamani kubwa kuliko kipya.

Hatua ya pili ni kazi. Mamlaka ya kodi ya Uingereza, HMRC, humpa mtu bila malipo historia ya waajiri wake kutokana na michango ya bima ya taifa, kuanzia mwaka 1961. Iombeni. Kisha kaa naye, mtengeneze chai, na uandike anachokumbuka: mashine zipi, ngapi katika ukumbi mmoja, zamu za saa ngapi. Muulize kama alilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mita mbili amsikie. Hicho ni kipimo kinachotumika hata na wakaguzi, na kwa kawaida kinaashiria desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 au zaidi. Kumbuka kwamba desibeli hazipandi kama shilingi: kila zikiongezeka tatu nguvu ya kelele huwa maradufu, hivyo saa nne kwenye desibeli 88 ni sawa na saa nane kwenye 85. Muulize pia, bila kumwongoza, kama alipewa vizibo, lini, na kama alivivaa. Kama alipewa mwaka 1995 akaviacha mfukoni, andika hivyo hivyo.

Hapo ndipo miaka yake inapogawanyika. Kwa ujumla mahakama za Uingereza zimeuchukua mwaka 1963 kuwa wakati ambapo mwajiri wa kawaida alipaswa kujua hatari ya kelele kubwa, kwa kuwa serikali ilitoa kijitabu cha kuwaelimisha waajiri mwaka huo. Lakini viwanda vya kufuma vilipata hukumu yao maalumu mwaka 2011, katika kesi ya Baker dhidi ya Quantum Clothing, iliyotokana na wafanyakazi wa viwanda vya kufuma vya Nottinghamshire na Derbyshire, majirani zenu kabisa. Kelele katika kesi ile ilikuwa kati ya desibeli 85 na 90. Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba waajiri wa kawaida katika tasnia hiyo walikuwa na haki ya kufuata mwongozo wa mwaka 1972, uliokuwa ukitaja desibeli 90, na kwamba hawakuwa na hatia kwa kelele ya kiwango hicho hadi Januari 1990, zilipoanza kutumika kanuni za kelele kazini za mwaka 1989. Maana yake kwa baba yako ni kwamba miaka yake ya soksi na fulana kabla ya Januari 1990 haimpi dai kwa urahisi, isipokuwa kama ukumbi wake ulizidi desibeli 90, au kama mwajiri wake alikuwa miongoni mwa wale wakubwa waliokuwa na ujuzi wa mapema. Naamini wale majaji wawili waliopinga ndio waliokuwa na hoja yenye nguvu zaidi, lakini sheria ni ile ya watatu.

Karakana ya vyuma ni habari nyingine. Alianza huko baada ya Januari 1990, wakati kila mwajiri alikuwa amefungwa na kanuni za 1989, zilizomtaka achukue hatua kuanzia desibeli 85 na kulazimisha kinga kuanzia 90. Kuanzia Aprili 2006 viwango vilishushwa hadi 80 na 85. Kama katika miaka hiyo 18 alikata na kugonga chuma bila kinga ya maana, hapo ndipo dai lake linapoweza kusimama.

Usivunjike moyo ukiambiwa kwamba karakana ilifungwa zamani. Tangu Januari 1972 waajiri wa Uingereza wamelazimika kuwa na bima ya kuwafidia wafanyakazi wao, na bima ile hubaki hata kampuni ikifa. Kuna ofisi iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa kazi hiyo hiyo ya kutafuta bima za waajiri wa zamani, ELTO, na kuitumia hakuna malipo.

Sasa muda, ambao ndio unaonitia wasiwasi. Dai hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu tangu mtu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba usikivu wake umepungua kwa kiasi cha maana na kwamba huenda kazi ndiyo iliyosababisha. Hesabu haianzi siku aliyopigiwa simu. Kama daktari alimwambia mwaka 2012 kwamba masikio yake yanaonekana kuharibiwa na kelele, miaka mitatu iliisha mwaka 2015. Mahakama ina uwezo wa kuongeza muda chini ya kifungu cha 33 cha sheria ya ukomo ya mwaka 1980, lakini si lazima mtu apewe, na mtu mwenye busara hapangi safari kwa kutegemea msamaha. Kwa hiyo ombeni kumbukumbu zake za daktari mapema, mzisome, na msicheleweshe kumwona wakili. Tarehe iliyomo humo iwe nzuri au mbaya, wakili aione siku ya kwanza.

Wapigaji simu wengine husema kuna "mpango wa serikali". Kitu cha namna hiyo kipo, ni posho ya ulemavu wa kazini, na huombwa bure bila wakala. Lakini kwa uziwi masharti yake ni magumu: angalau miaka 10 katika kazi zilizotajwa kwenye orodha yao, upungufu wa angalau desibeli 50 katika kila sikio, na maombi yafanywe ndani ya miaka mitano tangu kuacha kazi hiyo. Baba yako aliacha mwaka 2009. Kwake mlango huo umefungwa, na yeyote anayemwambia vinginevyo anamdanganya.

Wakili mtafuteni ninyi. Kama mzee aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, anzieni huko, kwa kuwa vyama vingi huwasaidia hata wastaafu. La sivyo, tafuteni ofisi yenye uzoefu wa magonjwa ya kazini, siyo ajali za barabarani peke yake, na mlihakiki jina lake kwenye daftari la SRA, ambayo ndiyo inayosimamia mawakili. Kampuni ya kusimamia madai isiyo ya mawakili lazima iwe kwenye daftari la FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Msilipe chochote mwanzoni. Katika makubaliano ya kutolipa mkishindwa, ada ya ushindi haiwezi kuzidi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na ya hasara iliyokwisha kutokea. Ulizeni pia bima ya kesi itagharimu kiasi gani na nani atailipa mkishindwa. Wakili anayekereka kwa maswali hayo muageni.

Wakati hayo yakiendelea, mzee asikae akisubiri kesi ndipo asikie. Vifaa vya kusaidia kusikia hutolewa na NHS, huduma ya afya ya taifa, bila malipo, pamoja na betri zake, na kuvivaa hakudhoofishi dai hata kidogo. Mnapoweka miadi ya kipimo, ombeni mkalimani wa Kiswahili kama mzee angependelea. Nayo ni huduma ya bure. Wewe nenda naye, lakini acha aulizwe na ajibu yeye mwenyewe, kwa utulivu, uso kwa uso, kwa lugha anayoisikia.